Hati Iliyotiwa Sahihi Shangani: Somo Juu ya Kupima Ukomavu wa Mikataba ya Kijeshi

Leo nakuomba uweke daftari na kalamu karibu nawe, kwani somo letu ni la historia, lakini lina kipimo ndani yake, na kipimo hakifai kitu kama mtu hakukitumia kwa mkono wake.

Twende kwanza Shangani, mjini Unguja. Ukisimama ufukweni ukatazama nyumba ile kubwa iitwayo Mambo Msiige, unatazama nyumba iliyokuwa Ubalozi wa Kiingereza tangu mwaka wa 1874. Siku hizi imeunganishwa na hoteli kubwa, na wageni hunywa chai pale pale barazani. Ukipita nyuma yake kwa miguu, dakika chache tu, utaifikia nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Tippu Tip. Katika mwezi wa Februari, 1887, Tippu Tip na Bwana Henry Morton Stanley walikutana ubalozini wakatia sahihi hati, mbele ya Bwana Frederic Holmwood aliyekuwa akikaimu kazi ya Balozi Mkuu. Kisha wote wawili wakapanda meli moja, iitwayo Madura, wakaondoka Unguja pamoja tarehe 25 Februari.

Miezi kumi na minane baadaye, huko kwenye mto Aruwimi katika misitu ya Kongo, zaidi ya nusu ya watu walioachwa wausubiri mkataba ule utimizwe walikuwa wamekufa au wamepotea. Sehemu kubwa yao walikuwa watu wa Unguja.

Swali la somo letu ni hili: je, mkataba ulikuwa mbaya, au watu walikuwa wabaya, au kulikuwa na jambo jingine? Vitabu vingi vya Kizungu vimejibu kwa kumlaumu Tippu Tip. Vingine vimemlaumu Stanley. Mimi naona majibu yote mawili yametuficha jambo la tatu, na ndilo ninalotaka ulione mwenyewe.

Kwanza kipimo. Katika miaka ya 1980 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilichoka kununua programu za kompyuta zilizochelewa na zisizofanya kazi. Ikawaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wabuni njia ya kumpima muuzaji kabla ya kumpa kazi. Wataalamu wale hawakuuliza, "Je, kazi yake ya mwisho ilikuwa nzuri?" Waliuliza, "Je, ana utaratibu unaoweza kuifanya tena?" Maana hata fundi asiye na utaratibu huweza kubahatisha mara moja. Hilo ndilo waliloliita ukomavu. Mtoto anaweza kulenga embe likaanguka, lakini hatujamwita mpiga manati.

Baadaye wataalamu wawili, Gregory Garrett na Rene Rendon, wakaigeuza njia ile iwapime wanunuzi wenyewe, yaani ofisi za jeshi zinazofanya mikataba. Rendon ni mwalimu katika chuo cha jeshi la majini la Marekani kilichopo Monterey, California. Walisema kazi ya mkataba ina hatua sita. Kwanza kujua unachohitaji. Pili kutayarisha masharti. Tatu kutangaza zabuni. Nne kumchagua mtu wa kumpa kazi. Tano kuusimamia mkataba hata kazi iishe. Na sita kuufunga, yaani kulipa, kurudisha, kuhesabu na kuandika tuliyojifunza. Katika kila hatua ofisi huwekwa katika daraja moja kati ya tano. Daraja la kwanza ni la kubahatisha, kila mtu na lake. La pili, pana utaratibu wa msingi lakini hutumiwa kwa mikataba mikubwa tu. La tatu, utaratibu umeandikwa na unafuatwa na wote. La nne, utaratibu wa mikataba umeungana na kazi nyingine, kama vile fedha, usafirishaji na yule askari atakayekitumia kitu chenyewe. La tano, ofisi hujipima na kujirekebisha bila kungoja msiba.

Rendon na wenzake wakazipima ofisi nyingi za jeshi, wakiwauliza maofisa wenyewe waliopewa mamlaka ya kutia sahihi. Mara nyingi walikuta jambo lile lile: hatua za mwanzo zimekomaa kuliko za mwisho. Ofisi zinajua kutangaza na kuchagua. Ikifika kusimamia na kufunga, daraja linashuka. Sahihi ikishatiwa, wakubwa hupeana mikono wakaenda zao.

Weka alama hapo katika daftari lako, kisha turudi Unguja.

Utaniuliza: Je, msafara wa Stanley ulikuwa wa kijeshi hata tuupime kwa kipimo cha jeshi? Haukuwa jeshi la dola moja, ni kweli. Lakini tazama ulivyoundwa. Mwaka wa 1885 majeshi ya Mahdi yaliuteka mji wa Khartoum, na Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta, akabaki amekatwa huko kusini na askari wake. Serikali ya Misri ikatoa paundi 10,000, na Kamati iliyoundwa London chini ya Bwana William Mackinnon ikachanga nyingine. Shabaha kubwa ilikuwa kumpelekea Emin risasi. Msafara ulikuwa na askari wa Kisudani, bunduki za Remington, mzinga mpya wa Maxim, na maofisa kama Meja Edmund Barttelot. Fedha ya umma, silaha, amri za kijeshi, na mzabuni wa kubeba shehena: hayo yanatosha kuuita mkataba wa kijeshi.

Tuanze na yaliyo mazuri, kwa maana yapo. Mji wa Unguja katika karne ya 19 ulikuwa na maarifa makubwa ya kuajiri wapagazi, pengine kuliko mji mwingine wowote wa pwani hii. Mtu aliyetaka msafara hakuzunguka sokoni akiokota watu. Alikwenda kwa tajiri au kampuni iliyozoea kazi hiyo. Majina yaliandikwa daftarini, mshahara ulitajwa kwa mwezi, arubuni ya miezi kadhaa ililipwa kabla ya safari, wanyampara waliteuliwa, na mambo ya posho yalijulikana. Stanley aliwatumia mawakala wa Smith, Mackenzie na Kampuni, na alipowasili Unguja tarehe 22 Februari alikuta watu wapatao 600 wamekwisha andikwa. Siku tatu tu baadaye aling'oa nanga. Jaribu wewe leo kuajiri watu 600, uwalipe arubuni na uwapakie melini kwa muda huo. Kazi kama hiyo haifanyiki ila mahali penye utaratibu uliozoewa miaka na miaka. Kwa hatua ya kuajiri, mimi naupa mji wetu daraja la tatu, na sioni haya.

Lakini usifurahi upesi. Katika majina yale 600 mlikuwa na watu wa namna mbili. Wengine walikuwa waungwana waliojiajiri wenyewe. Wengine walikuwa watumwa, na mabwana zao walichukua sehemu ya mshahara, mara nyingi nusu. Utumwa haukuondolewa kisheria Unguja hata mwaka wa 1897. Basi aliyetia alama katika daftari ni mmoja, na aliyepokea sehemu ya fedha ni mwingine aliyekaa nyumbani kivulini. Kumbuka jambo hili, kwa sababu watu hao hao ndio waliokuja kulipa gharama ya mkataba ambao hawakuuliza wala kuusoma.

Sasa mkataba wenyewe. Hati zilikuwa mbili. Katika ya kwanza, Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Katika ya pili alikubali kutoa wapagazi 600 wa kuchukua risasi kutoka Stanley Falls hadi Ziwa Albert, kwa paundi 6 kila mtu mwenye mzigo, na walitazamiwa kurudi na pembe za ndovu za Emin. Wapagazi wangekuwa na bunduki zao, na baruti ingetoka kwa Stanley.

Hebu isome tena ile habari ya baruti. Hapo ndipo mti wote ulipoangukia.

Ukiupima mkataba huu kwa hatua mbili za mwanzo, si mbaya. Haja ilijulikana: risasi ni nzito, na njia ya mto ina mwisho wake. Masharti yalikuwa na hesabu, bei na mahali. Hatua ya tatu haikuwapo, hapakuwa na zabuni. Lakini ni nani mwingine angeitwa? Katika nchi ile ya Kongo ya juu hapakuwa na mtu mwingine awezaye kukusanya watu 600. Stanley alijua hivyo, na Tippu Tip alijua kwamba Stanley anajua. Tena Stanley hakuwa amempenda tu, alimwogopa. Kumchukua Tippu Tip ndani ya meli pamoja na watu wake 96 kulikuwa pia ni kumzuia asiuzibe mto mbele yake. Mnunuzi anayemwogopa muuzaji wake hana nguvu ya kumwambia, "Nionyeshe hesabu."

Hatua ya tano ndiyo kiini cha somo. Fuatana nami taratibu.

Walizunguka Rasi ya Afrika ya Kusini, wakafika mlango wa mto Kongo mwezi wa Machi. Mfalme Leopold alikuwa ameahidi merikebu za moshi katika mto wa juu. Walipofika Stanley Pool, merikebu nyingi ziliharibika au hazikuwa tayari, na Stanley akalazimika kuazima, tena kwa kusukumana, merikebu za wamisionari: Peace na Henry Reed. Nafasi ikawa haba. Shehena nyingi zikaachwa nyuma zije baadaye. Tippu Tip akapelekwa Stanley Falls, lakini baruti aliyoahidiwa, kwa maneno yake mwenyewe, haikufika pamoja naye.

Tazama, msomaji: ahadi ya Tippu Tip kwa Stanley ilitegemea ahadi ya Stanley kwa Tippu Tip, nayo ilitegemea ahadi ya Leopold kwa Stanley. Mikataba mitatu imefungwa kwa uzi mmoja, na hapana ofisi hata moja iliyokuwa imeukalia uzi huo wote. Daraja la nne, kama unakumbuka, ni kuungana kwa mikataba na usafirishaji. Hapa hapakuwa na muungano wowote. Stanley aliuona upungufu wa merikebu kwa macho yake, akapunguza shehena, akaendelea na safari. Naye Tippu Tip akajiona ameondolewa deni.

Tarehe 28 Juni, 1887, Stanley aliondoka Yambuya na kikosi cha mbele. Nyuma alimwacha Meja Barttelot na watu wapatao 260, kambini, na amri iliyoandikwa tarehe 24 Juni. Kwa ufupi amri ilimwambia: angojee shehena na maofisa waliobaki chini ya mto, angojee watu wa Tippu Tip, kisha amfuate, na watu wa Tippu Tip wakipungua, atumie akili yake kupunguza mizigo. Stanley alitegemea wapagazi wangefika baada ya siku chache.

Hawakufika. Barttelot na Bwana James Sligo Jameson wakaanza safari za kwenda Stanley Falls kuuliza. Tippu Tip akasema baruti haikuja, watu wamekataa, wengine walitoka wakarudi njiani. Pengine alisema kweli, pengine alijikinga; mimi nadhani vyote viwili, kama wafanyavyo wazabuni wengi ambao mteja wao amekwisha vunja sharti moja. Lakini angalia jambo hili. Barttelot hakuwa na mamlaka ya kubadili mkataba. Hakuweza kusema, "Basi, lete watu 300 kwa bei hii, na baruti nitakupa kiasi hiki." Mwenye mamlaka alikuwa ndani ya msitu, hajulikani aliko. Jameson ikambidi asafiri mpaka Kasongo kumtafuta Tippu Tip. Ofisa mwingine, Bwana Herbert Ward, akateremka mto wote wa Kongo mpaka Luanda ili aipelekee Kamati ya London simu ya maandishi kuomba maagizo. Jibu lilikuwa: fuateni amri za Bwana Stanley.

Yaani waliulizwa watu waliokuwa mbali, wakawaambia walio karibu wamsikilize mtu aliyepotea.

Na kambini? Watu wa Unguja walikaa mwaka mzima ndani ya boma. Chakula chao kikubwa kilikuwa muhogo, na muhogo wa pale ulikuwa mchungu. Wewe unayesoma Makunduchi au Mkokotoni unajua kwamba muhogo mchungu huwezi kuula hivi hivi. Huloweshwa, huanikwa, ndipo upikwe. Wapagazi waliula bila matayarisho ya kutosha. Wakavimba, wakakonda, wakawa na vidonda. Nidhamu ikawa ni fimbo. Kila asubuhi pale boma palikuwa na masanduku ya risasi yaliyopangwa vizuri, yamehesabiwa, na kila wiki palikuwa na makaburi mapya. Masanduku yalikuwa na mkataba, na wale watu pia walikuwa na mkataba, ulioandikwa Unguja, wenye mshahara na posho. Hapana aliyewahi kuuliza ni mkataba gani kati ya hiyo miwili unaotangulia.

Mwezi wa Juni, 1888, karibu mwaka mzima umekwisha pita, Tippu Tip akaleta Wamanyema, lakini si 600: walizidi 400 kidogo. Alipoiona mizigo, akasema ni mizito mno. Ilikuwa ya ratili 60, naye akataka ipunguzwe mpaka ratili 40. Masanduku yakafunguliwa, risasi zikatolewa, yakafungwa tena. Jambo la uzito wa mzigo, ambalo karani yeyote wa forodhani Unguja angelimaliza kwa mizani na robo saa, lilikuja kujadiliwa msituni baada ya mwaka. Zaidi ya hayo, ili Wamanyema wawe na kiongozi, Barttelot ilimbidi afanye mapatano mapya na mtu aitwaye Muni Somai kwa paundi 1,000. Mkataba juu ya mkataba.

Waliondoka Yambuya tarehe 11 Juni. Tarehe 19 Julai, Meja Barttelot alipigwa risasi akafa kule Banalya. Jameson alikufa kwa homa mwezi wa Agosti. Tarehe 17 Agosti, Stanley aliporudi kutafuta kikosi chake cha nyuma, alimkuta ofisa mmoja tu, Bwana William Bonny, pamoja na mabaki ya watu.

Hapa nakuomba usimame kidogo uandike daraja lako kwa hatua ya tano. Langu ni la kwanza. Sitoi daraja hilo kwa sababu watu walikufa, kwani hata msafara uliokomaa huweza kupatwa na maafa. Nalitoa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusimamia, hapakuwa na stakabadhi ya baruti ambayo pande zote mbili zingeikubali, na hapakuwa na njia ya kubadili sharti lililoshindikana.

Kabla sijafika hatua ya sita, niruhusu nikuonyeshe kinyume cha mambo haya, usije ukadhani kwamba kusimamia peke yake kunatosha. Tufani ya mwaka wa 1872 iliziangamiza merikebu za Seyyid Barghash. Akaagiza merikebu mpya kwa William Denny na Ndugu zake, wajenzi wa Dumbarton huko Uskochi, mfano wa manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow aliyokuwa ameiona bandarini. Wajenzi walijenga kama walivyoambiwa: mifupa ya chuma na mbao za msaji, kwa gharama ya paundi 32,735. Ilishushwa majini mwaka wa 1878 ikaletwa Unguja. Bei ilijulikana, kazi ilikamilika, kitu kilifika. Lakini Seyyid hakupendezwa nayo, ikakaa nangani karibu miaka yote ya maisha yake, mpaka ilipozamishwa tarehe 27 Agosti, 1896, katika vita vile vya chini ya saa moja. Milingoti yake ilitokeza juu ya maji mbele ya mji mpaka mabaki yalipovunjwa mwaka wa 1912. Huo ulikuwa mkataba uliosimamiwa vizuri kwa haja iliyofikiriwa vibaya. Waliagiza umbo, hawakuagiza kazi. Hatua ya tano ilipasi, ya kwanza ikaanguka.

Sasa kufunga. Stanley alifika Bagamoyo na Emin Pasha tarehe 4 Desemba, 1889, akavuka Unguja, akafungua madai ya paundi 10,000 dhidi ya Tippu Tip katika mahakama ya Ubalozi wa Kiingereza. Jambo lililomwezesha ni la kuvutia. Tippu Tip hakuwa raia wa Kiingereza, na mahakama ya Balozi haikuwa na nguvu juu yake. Lakini fedha zake za pembe zilikuwa mikononi mwa wakili wake mjini, mtoto wa tajiri Taria Topan, na Wahindi wa jamii hiyo walikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Basi mahakama ikazizuia fedha mikononi mwa wakili. Tippu Tip mwenyewe alikuwa bado bara. Akasafiri kuja pwani, akaugua njiani, akafika Unguja mwaka wa 1891. Kesi haikufikia hukumu, madai yaliachwa.

Kwa hiyo hatukupata kuona mbele ya hakimu nani alileta baruti na nani hakuileta. Stanley alikwisha andika kitabu chake, na dunia ikakisoma. Tippu Tip naye akaandika habari za maisha yake, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Humo ametoa hoja yake. Nakushauri ukitafute kitabu hicho, kwa sababu ni nadra katika historia ya mikataba ya kijeshi kupata maneno ya mzabuni yaliyoandikwa kwa lugha yake mwenyewe. Alikufa mjini Unguja mwezi wa Juni, 1905.

Na wapagazi? Katika wale 600 na zaidi waliopanda Madura, waliorudi hawakufika nusu. Waliorudi walilipwa. Waliokufa walibaki majina katika daftari, na mshahara wa maiti daima ni mgumu kufikishwa, hasa pale ambapo bwana na mjane wote wawili wamesimama mlangoni wanadai.

Mambo hayo hayakwisha na Stanley. Katika Vita Kuu ya mwaka wa 1914 mpaka 1918, Waingereza waliandika wapagazi kwa malaki katika Afrika ya Mashariki. Majina ya Kariakoo, ya Dar es Salaam na ya Nairobi, yametokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Makumi ya maelfu walikufa, kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, huko Kenya zilibaki fedha nyingi za mishahara ambazo hazikuchukuliwa: wenyewe wamekufa, au majina yameandikwa kwa namna tatu, au kijiji hakijulikani. Serikali ilibaki nazo. Hapa Unguja, Askofu Frank Weston alikusanya wapagazi mwaka wa 1916 akaenda nao bara yeye mwenyewe kwa miguu. Sisemi kwamba kila jeshi liwe na askofu. Nasema tu kwamba katika kikosi kile, mwenye daftari alikuwa akizijua nyuso za walioandikwa ndani yake, na alikuwapo pale posho ilipopimwa. Kwa hatua ya tano huo ni ukomavu wa namna yake, ingawa ulikuwa umekaa katika kichwa cha mtu mmoja, na kipimo chetu kingesema bado ni daraja la pili.

Kazi ya nyumbani ni hii. Chora jedwali lenye hatua sita, na mikataba mitatu: wapagazi wa Unguja walioandikwa na mawakala, wapagazi 600 wa Tippu Tip, na merikebu ya Glasgow. Weka daraja lako katika kila chumba, na mbele yake sababu kwa maneno yasiyozidi kumi. Usinakili madaraja yangu. Mengine huenda nimeyatoa kwa ukarimu. Kisha jifanye wewe ndiye karani wa Ubalozi mwezi ule wa Februari, 1887, hati iko mezani, Bwana Stanley anatazama saa yake kwa sababu meli inamngoja, na umeruhusiwa kuongeza kifungu kimoja tu. Kiandike. Somo lijalo tutavisoma vifungu vyenu, na tutaanza na vile vinavyohusu baruti.